Huyu si kindi: komba wa Ombaci na jina linalotakiwa mpakani

Na Mwandishi Wetu, Arua

Barabara ya lami inayoanzia Vurra, mpakani mwa Kongo, hupita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Ni kilomita 92 tu, lakini inaunganisha nchi tatu na shehena zake hazilali: mihogo, samaki wakavu, mbao, saruji, sabuni, mitumba. Dereva anayeondoka Arua usiku kuelekea Koboko hupita Ombaci mapema, palipo na misheni ya Wakatoliki na shule ya St. Joseph's College. Kwenye miti ya kando, taa za gari mara nyingine hukamata macho mawili yanayong'aa kama makaa. Huwaka, huzimika, halafu huwaka tena kwenye mti mwingine, na katikati hakuna aliyeonekana kutembea.

Atakayesimulia jambo hilo stendi asubuhi atapewa majibu ya kila aina. Ni kindi. Ni panya wa miti. Ni paka pori. Wapo watakaoshusha sauti na kusema si mnyama kabisa. Majibu yote hayo yamekosea. Mwenye macho hayo ni komba, na kwa ukoo yuko karibu zaidi na dereva aliyeshika usukani kuliko alivyo karibu na kindi.

Msomaji anayeuza dagaa au vitenge anaweza kuuliza hilo linamhusu nini. Linamhusu, kwa sababu kazi yake yote mpakani ni kazi ya kuainisha. Nguo mpya na mitumba zote ni nguo, lakini kila moja ina nambari yake kwenye kitabu cha ushuru na kodi yake hukokotolewa tofauti. Wakala wa forodha akikosea nambari, mzigo hulala. Wanyama hai nao wamo katika kitabu hichohicho, sura ya kwanza kabisa. Kindi ataingia kwenye fungu la mamalia wengine. Komba ana fungu lake la pekee, 0106.11, ambalo ni la primati: oda ya wanyama inayowakusanya kima, nyani, sokwe, komba na sisi wenyewe. Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, aliipa oda hiyo jina lake mwaka 1758, na zaidi ya karne mbili baadaye jina hilo limeishia kwenye fomu ya forodha ya Vurra.

Chukua mfano. Mama mmoja anavuka kutoka upande wa Aru na mabunda ya bidhaa, na juu yake kuna boksi dogo lenye matundu.

"Mama, ndani ya boksi kuna nini?"

"Ni kindi tu, afande. Watoto nyumbani watamfurahia."

Afande anafunua, anaona vidole vitano vyenye kucha bapa kama za mtoto mchanga, na macho mawili makubwa yanayomtazama kwa mbele. Tangu hapo mazungumzo si ya ushuru tena. Ni ya sheria ya wanyamapori ya Uganda na mkataba wa kimataifa, na mama huyo hakujua kama amebeba kitu cha namna hiyo.

Utamjuaje

Komba anayeishi kwenye savana ya West Nile ni mdogo. Ana gramu 200 hivi, uzito wa embe la wastani. Mkia wake ni mrefu kuliko mwili, una manyoya, na humsaidia kujisawazisha anaporuka. Masikio ni mapana, membamba kama karatasi, na huweza kuyakunja na kuyakunjua moja moja. Nyuma ya jicho lake kuna tabaka linalorudisha mwanga kama kioo, na hilo ndilo linalong'aa mbele ya taa za gari.

Miguu yake ya nyuma ndiyo ajabu yake kubwa. Mifupa ya kifundo imerefuka hadi mguu umekuwa kama springi. Mwaka 1965 kilichapishwa kipimo cha komba mmoja wa aina hii aliyeruka kwenda juu, kutoka alipokuwa amesimama, zaidi ya mita 2. Mtu akiruka kwa uwiano huo angevuka paa la ghorofa kadhaa. Ndiyo maana dereva huona macho yanahama mti bila kuona mwili.

Alama zinazomtofautisha na kindi zinaonekana kwa karibu. Kindi ana kucha kali kwenye vidole vyake vyote vya miguu, na meno ya mbele ya kuguguna kama panya. Komba ana kucha bapa, isipokuwa kwenye kidole cha pili cha mguu ambapo ukucha umechongoka. Huo ni wa kujikuna na kusafishia manyoya. Meno yake ya mbele ya chini yamelala na kusongamana kama kitana, na hutumia kitana hicho kuchana manyoya na kukwangua utomvu wa migunga. Pua yake ni mbichi kama ya mbwa. Kindi wengi huonekana mchana. Komba huamka jua likizama, hukojolea viganja na nyayo zake (ndiyo, makusudi), kisha huingia kazini kutafuta wadudu na utomvu hadi alfajiri.

Pua hiyo mbichi ina maana kubwa kwa waainishaji. Primati wamegawanywa makundi mawili makuu. Sisi, sokwe na kima tuna pua kavu. Upande wa pili wapo wenye pua mbichi: lemuri wa Madagaska, lorisi wa Asia, poto na komba wa Afrika. Komba wana familia yao, inayoitwa Galagidae, na familia hiyo haipo mahali pengine popote duniani ila Afrika. Poto wamewekwa pamoja na lorisi wa Asia, ingawa wanalala msitu mmoja na komba.

Jina lililotoka Senegal

Jina la kitaalamu la komba wa Ombaci ni Galago senegalensis. Alipewa na Mfaransa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire mwaka 1796, kutokana na mnyama aliyetoka Senegal. Hakuna aliyekuja Arua kumtafuta. Walipolinganisha baadaye, wataalamu waliona kwamba komba wa savana inayoanzia Senegal, ikapita kaskazini mwa Nijeria, Kamerun na Sudan hadi upande huu wa Uganda, ni wa namna moja. Kwa hiyo mnyama anayeruka nyuma ya soko la Koboko ana jina la nchi iliyo ukingoni mwa Atlantiki, maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Ukanda huo wa savana haujui mipaka yetu. Pale Salia Musala, wilayani Koboko, Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Kwa mwanasayansi hapo kuna komba mmoja. Kwa mwanasheria kuna komba watatu, kila mmoja na serikali yake.

Mpaka halisi wa wanyama hawa ni mwingine, na wafanyabiashara wa Arua huuvuka bila kuutambua. Mtu akishika njia ya Kongo kupitia Mahagi na Bunia, akaendelea hadi Mambasa, anaacha savana na kuingia msitu wa Ituri. Huko majina yanabadilika. Yupo komba wa Demidoff, wa gramu 60 au 70, kati ya primati wadogo kabisa barani, aliyebeba jina la ukoo wa matajiri wa Urusi. Yupo komba wa Thomas, aliyetajwa mwaka 1907 kutokana na mnyama wa Beni, katika bonde la Semliki, mji ambao wauza mbao wa Arua wanaufahamu vyema. Yupo komba wa Matschie, mwenye duara jeusi kuzunguka kila jicho kama aliyevaa miwani. Na yupo poto, ambaye hata mtoto hatamchanganya na komba akimwona mara moja: haruki, mkia wake ni kishina tu, na hutembea taratibu juu ya tawi akilishika kwa mkono mmoja kabla ya kuachia mwingine, kama fundi aliye juu ya paa bovu.

Thomas na Matschie hawakuwa wawindaji wala wakazi wa huku. Walikuwa watu wa makumbusho, mmoja London na mwingine Berlin, waliokuwa wakipokea ngozi na mafuvu kwa meli na kuyapa majina mezani. Oldfield Thomas peke yake alieleza spishi na nususpishi za mamalia karibu 2,000. Mwaka 1910 alimpa poto wa msitu wa Kakamega, Kenya, jina la ibeanus. Neno hilo halina uhusiano na sura wala tabia ya mnyama. Linatokana na herufi IBEA, za ile kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kuitawala Afrika Mashariki kabla ya ukoloni rasmi. Kampuni yenyewe ilikufa karne ya 19. Jumuiya yetu ya leo imetafuta alama za pamoja kwa muda mrefu, na huyu poto, anayepatikana Kongo, Uganda na Kenya, anatembea msituni na jina la kampuni ya kikoloni mgongoni.

Kwa miaka mingi poto huyo alihesabiwa kuwa sehemu tu ya spishi moja iliyoenea kutoka Afrika Magharibi hadi Kenya. Uchunguzi wa vinasaba wa muongo uliopita ulionyesha kwamba poto wa magharibi, wa kati na wa mashariki walitengana zamani mno, na sasa wataalamu wengi wanawahesabu kuwa spishi tatu. Jina la Thomas likafufuliwa.

Kuainisha kwa masikio

Jambo lililobadilisha hesabu ya komba, kuliko ngozi zote za London na Berlin, ni sauti.

Katika miaka ya 1970 vitabu vingi vilikuwa na spishi sita hivi za komba kwa Afrika nzima. Leo zinakaribia 20. Misitu haikuzaa wanyama wapya kwa muda huo mfupi. Watafiti, akiwamo Simon Bearder wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, walianza kuingia msituni usiku na vinasa sauti. Mantiki yao ilikuwa rahisi. Mnyama wa mchana humtambua mwenzake kwa rangi na umbo. Mnyama wa usiku humtambua kwa mlio na harufu. Kwa hiyo komba wawili wanaweza kufanana manyoya hadi mtaalamu akashindwa kuwatenganisha, huku wenyewe kwa wenyewe hawachumbiani kabisa, kwa sababu mlio wa huyu si lugha ya yule.

Komba wa savana ya Ombaci hutoa sauti moja nzito, akairudia na kuirudia kwa muda mrefu kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa. Komba wa Demidoff huanza na milio midogo ya haraka inayopanda na kukazana hadi kileleni, kisha kimya. Komba mkubwa wa pwani ya Kenya na Tanzania hulia kama kitoto kichanga, na katika sehemu nyingi za Afrika kilio hicho kimezaa hadithi za mtoto aliyetupwa msituni ambaye mtu hatakiwi kumfuata. Watu wa pwani wana na hadithi nyingine, kwamba komba huyo hupanda mnazi usiku, akanywa tembo la mgema mpaka akaanguka chini amelewa. Wa Ombaci hana minazi ya kumponza.

Sauti ilipotenganisha makundi, watafiti wakarudi kwenye mwili na kuangalia upya: urefu wa pua, umbo la viganja, hata maumbile ya uzazi ya dume, ambayo kwa komba hutofautiana spishi hadi spishi. Kisha vikaja vinasaba. Mwaka 2017 komba wadogo wa upande wa mashariki, wale wa pwani ya Kenya, Unguja, milima ya Tanzania na kusini zaidi, waliondolewa kwenye jenasi waliyokuwa wakichangia na wadogo wa Kongo, wakapewa jenasi mpya, Paragalago. Walikuwa wamewekwa pamoja kwa kuwa wote ni wadogo. Damu ikasema udogo si undugu.

Msomaji anayeona kwamba huu ni ubishi wa wasomi amsikilize komba wa Rondo. Huyu ni mnyama wa misitu michache ya pwani ya Tanzania, wa uzito wa yai moja la kuku, aliyetambuliwa kuwa spishi ya pekee katika miaka ya 1990. Kabla ya hapo alihesabiwa kama komba wa kawaida. Mara baada ya kupata jina lake, ikaonekana kwamba misitu yake ni vipande vipande, kimoja kimeachana na kingine kwa mamia ya kilomita, na vyote vinaliwa na mkaa na mashamba. Akaingia kwenye orodha ya primati 25 walio hatarini zaidi duniani. Hali yake msituni siku ya kuingia orodhani ilikuwa ileile ya jana yake. Tofauti ni kwamba sasa alihesabiwa peke yake.

Komba wa Ombaci yuko upande wa pili wa hesabu hiyo. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, linamweka katika daraja la wasio na hofu kubwa, kwa sababu ameenea nchi nyingi. Ni habari njema. Lakini ni habari ya jina zima, kutoka Senegal hadi huku, wala si ya mti mmoja mmoja wa Ayivu.

Mpakani jina lina bei

Turudi kwa mama na boksi lake.

Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, CITES, ulitiwa saini mwaka 1973. Kongo iliingia 1976, Uganda 1991. Primati wote wasio binadamu wamo ndani yake. Sokwe na sokwemtu wako Kiambatisho cha Kwanza, ambacho karibu kinafunga kabisa biashara. Komba na poto, wa spishi zote, wako Kiambatisho cha Pili. Maana yake ni kwamba hawavuki mpaka bila kibali cha nchi wanakotoka, na kibali hicho hutaja jina la kitaalamu la mnyama. Kuandika "mnyama mdogo wa porini" hakutoshi. "Komba" nalo halitoshi, kwa kuwa neno hilo zuri la Kiswahili limewabeba wote, kama vile neno samaki linavyombeba sangara na dagaa.

Hapa ndipo mabadiliko ya majina yanapoleta usumbufu wa kweli. Mkataba hutumia vitabu vya marejeo vilivyokubaliwa na nchi wanachama, kwa hiyo jina jipya la wanasayansi haliingii kwenye fomu siku hiyohiyo linapochapishwa. Mnyama mmoja anaweza kuwa na jina moja kwenye jarida la utafiti na jingine kwenye kibali. Ofisa mwaminifu, mwenye fomu mkononi na simu yenye intaneti, anaweza kudhani amekamata udanganyifu kumbe amekutana na majina mawili ya mnyama mmoja.

Kuna wafanyabiashara wanaoamini kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imeondoa haya yote. Haijaondoa. Sudan Kusini imo katika Jumuiya tangu 2016 na Kongo tangu 2022, na cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinamsaidia mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 kukwepa ushuru kihalali. Cheti hicho ni cha ushuru. Hakigusi kibali cha wanyamapori, kama kisivyogusa cheti cha afya ya mimea au mifugo.

Ndani ya Uganda kwenyewe, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inasema wanyamapori ni mali inayoshikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Kumkamata komba kwenye mti wa shamba lako mwenyewe hakukufanyi mwenye mali. Adhabu ya juu kabisa chini ya sheria hiyo ni kifungo cha maisha au faini inayofikia shilingi bilioni 20 za Uganda, na imewekwa kwa makosa yanayohusu spishi zilizo hatarini kutoweka. Komba wa savana hayuko katika daraja hilo. Lakini angalia swali linalofuata: ni nani atakayemthibitishia hakimu kwamba aliyekuwa kwenye boksi ni huyu wa savana na si mwingine? Kati ya faini ya kawaida na kesi kubwa kuna urefu wa pua na idadi ya milio.

Mpaka wetu una sababu ya kuwa mkali. Januari 2019 maofisa wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda walifungua makontena ya magogo yaliyoingia kutoka Sudan Kusini, wakakuta magogo yametobolewa ndani na kujazwa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona. Tangu siku hiyo muuza mbao mwaminifu anajua kwa nini gogo lake hugongwagongwa. Tanzania nayo ina historia ya primati hai: Machi 2016 tumbili 61 walizuiwa katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakipelekwa Albania, na Mei mwaka huo serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi kwa miaka mitatu.

Kampeni nyingi za kupinga ujangili huweka picha ya tembo, faru na kakakuona, na ni sawa. Komba hapati bango. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kwa fedha kidogo sana nchi za Jumuiya zingeweza kuweka Vurra, Lia na Oraba kadi moja ya plastiki: picha sita, jina la Kiswahili, jina la kitaalamu, na kwa nyuma nambari ya simu. Sauti zenyewe zinaingia kwenye simu ya ofisa. Kiswahili kikitakiwa kuwa lugha ya kazi mpakani kinahitaji na maneno ya kazi, na "komba wa savana", "komba wa Thomas", "komba miwani" na "poto" ni maneno ambayo mchukuzi na hakimu wote wanaweza kuyatamka.

Mti wenye shimo

Boksi lenye matundu, hata hivyo, si tishio kubwa kwa komba wa West Nile. Tishio ni shoka.

Mchana komba hulala ndani ya tundu la mti, au mahali matawi yaliposongamana. Miti yenye matundu ni miti ya zamani: mvule, mkwaju, mshea uliozeeka, mwembe wa babu. Mkalitusi wa miaka saba hauna tundu. Kwa hiyo eneo linaweza kuonekana la kijani kwenye ramani, likawa na miti mingi kuliko zamani, na komba asipate pa kulala. Kwa miongo mingi tumbaku ya West Nile ilikaushwa kwa kuni. Tangu 2016 kambi ya Bidibidi huko Yumbe imepokea watu wengi waliokimbia vita Sudan Kusini, nao wanapika kama watu wengine. Matofali ya kuchoma ya mji wa Arua yanataka kuni vilevile. Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda, lakini magunia hayajaacha kusafiri usiku, saa zilezile za komba.

Mnunuzi wa magogo ana nafasi ambayo mtafiti hana. Yeye ndiye huupiga mti kofi na kusikia kama uko wazi ndani. Kwa bei ya mbao, mti wenye tundu ni hasara, kwa kuwa kiini kimeoza. Wengi hukatwa hata hivyo, kwa sababu umeshalipiwa pamoja na mingine, na huishia kuwa kuni. Mnunuzi akikubaliana na mwenye shamba kuuacha, hapungukiwi mbao. Ni mapatano ya dakika tano, na mara nyingi mwenye shamba hufurahi kubaki na kivuli.

Ikitokea mti umeshaanguka na ndani wametoka komba, usiwashike kwa mikono mitupu. Wana meno makali, na jeraha la mnyama wa porini linapaswa kuoshwa kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa. Wakubwa watakimbilia mti wa jirani wenyewe. Wadogo, ambao huwa mmoja au wawili, waachwe kwenye kivuli karibu na shina la mti wa jirani, mbali na mbwa, na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda ipigiwe simu. Kuwatia kwenye boksi na kuwapeleka sokoni Ariwara au Koboko ndiko kunakoleta yale mazungumzo ya afande.

Mama komba ana desturi ya kuwaacha watoto wake kwenye tawi anapokwenda kutafuta chakula, akawarudia baadaye. Giza likiingia na kelele za misumeno zikikoma, huja kuwachukua kwa mdomo, mmoja mmoja, akimshika kwa ngozi ya mgongo kama paka.